Bado Kijani

Kila siku ya tano, saa tano kasoro robo asubuhi,
jicho la bati hupita juu ya Nairobi
bila kubisha hodi.
Mimi nalipwa kusoma lilichokiona:
ghorofa ya tatu, Kasarani, feni inayolia kama panya,
chai ya tangawizi imepoa kando ya kompyuta.

Kwenye kioo changu msitu si kijani.
Mashine huupaka wekundu, wekundu wa nyama buchani,
maana mti mzima hurudisha angani mwanga
ambao jicho la binadamu halikupewa kuuona,
na huo mwanga, ili tuujue, umeazimwa rangi ya damu.
Mti ukianza kushikwa na kiu haumwambii mtu.
Majani yanakaa kijani,
kama anayejibu "njema" kwa kila "habari".
Ni wekundu tu unaochujuka.

Dalili ya mvua ni mawingu, tulifundishwa.
Aprili nzima mawingu yalinilalia juu ya msitu kama godoro;
kwangu mimi mawingu ni dalili ya kutoona.
Tarehe kumi na tisa Mei upenyo ukafunguka,
nikaona, kwenye ukingo wa mashariki,
mraba mmoja, mita kumi kwa kumi,
umepauka kama kiwiko cha sweta la shule.
Kisha miraba saba.
Juni, ishirini na mitatu.

Nikaenda kwa miguu.
Askari wa msitu, Kageha, buti za mpira,
redio ya mkononi isiyo na betri.
Nilimwonyesha simu; akanionyesha mihugu.
"Uko wapi huo ugonjwa?"
Kweli, haukuwapo. Imesimama, kijani,
tumbili juu akichuma, akitema.
Akagonga gome kwa mpini wa panga
kama daktari agongavyo mgongo wa mtoto,
akasikiliza. Akagonga tena.
Akatangulia, kimya.

Alinipeleka pasipo na njia, kwenye kibonde
ambako zamani alikuwa akijaza chupa yake.
Kokoto. Ganda la kaa, tupu.
Na ng'ambo ya ua, mtambo ukitwanga ardhi,
du, du, du,
kisima cha mita mia tatu
cha maghorofa yaitwayo Mandhari ya Msitu.

Setilaiti ilijua wapi. Yeye alijua kwa nini.
Alivua kofia, akajipepea.
"Tangu Februari," alisema.
"Niliandika kwenye kitabu cha zamu.
Nani husoma kitabu cha zamu?"

Jumatatu niliweka picha mbili mezani pa Bwana Riungu,
wekundu wa Januari, wekundu wa Juni,
na ukurasa wa Kageha, wino wa bluu:
*chemchemi imenyamaza*.
Alitazama kwa muda. Si mtu mbaya;
kwenye dirisha lake kuna mche wa mparachichi
anaoumwagilia mwenyewe.
"Imekufa mingapi?"
Hakuna hata mmoja.
"Imekauka?"
Bado kijani.
Akashusha miwani. "Sasa kule juu nikaseme nini?
Kwamba miti ya kijani inaumwa?
Ikianza kupukutika, niletee."
Akalifunga faili taratibu, kwa adabu,
kama afungaye mlango wa chumba alimolala mgonjwa.

Ijumaa jicho linapita tena.
Nimemtumia Kageha saa na dakika.
Amejibu atasimama kwenye kokoto, atazame juu.
Nikamwandikia kwamba haitasaidia,
mtu ni mdogo kuliko mraba, hataonekana.
Akakawia.
Halafu: "Basi nitakuja na panga.
Usiku huu nalinoa ling'ae."